Mpimaji wa Nyumba Kumi na Moja

Ukimwambia Mpimaji kwamba redio inasikika vizuri, ulikuwa umemuudhi. Alikutazama kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai, kisha akauliza, "Vizuri ngapi?" Kama huna namba, alinyamaza mpaka uone aibu mwenyewe. Mimi niliiona aibu hiyo mara nyingi kuliko wenzangu, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa ya tano kwenye waya wake na mdomo wangu ulikuwa hauna breki.

Niueleze kwanza huo waya. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, upande wetu wa Buhembe kulikuwa na redio moja tu, nayo ilikuwa chumbani kwa Mpimaji, ikiendeshwa na betri ya gari. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutunza waya wa simu kutoka Bukoba mjini mpaka Muleba. Akirudi jioni alikuwa na waya wake mwingine, ambao hakuna aliyemtuma kuuvuta. Kutoka kwenye redio ile alivuta nyaya mbili nyembamba zikapita kwa majirani nyumba hadi nyumba, na katika kila nyumba akatundika spika ndani ya sanduku la sabuni. Alipofungua redio kwake, Dar es Salaam ilizungumza katika nyumba kumi na moja kwa mpigo mmoja. Watu walitoka Nshambya kuja kusikiliza, wengine walipanda kutoka Kemondo wakidai wamekuja kusalimia ndugu. Nilikuwa nawapokea mlangoni kwangu kwa majivuno, utadhani redio niliitengeneza mimi.

Nguzo hazikuwepo. Mgeni angeshangaa, lakini mtu wa kwetu haulizi. Ukichimba shimo na kusimika mti katika kibanja cha mwenzako, hata ukiapa kuwa ni wa kushikia waya, mwenye kibanja ataona umeanza kumega ardhi yake, na wajukuu wenu wataendeleza kesi hiyo. Mpimaji alilijua hilo. Kwa hiyo aliupitisha waya kwenye mipaka, juu ya milamula, ile miti myembamba ya majani marefu tunayopanda kutenganisha kibanja na kibanja. Mlamula wa mpaka haukatwi na haung'olewi, na si wa mtu mmoja. Alikusanya chupa zilizovunjika, akachukua shingo zake, akazifunga juu ya milamula na kuutandaza waya juu ya kioo ili usiguse mti. Waya ukaenda umepinda kila mahali mipaka ilipopinda, mara mbili ya urefu uliohitajika, na hakuna jirani hata mmoja aliyenung'unika.

Urefu huo ndio uliompa kazi ya kupima. "Waya unakula," alikuwa anasema. "Kila hatua unakula kidogo, na kila nyumba inakula kidogo. Mimi siwezi kuuzuia usile. Nataka kujua umekula kiasi gani, basi."

Jumamosi moja ya kila mwezi, mchana, alizima redio na kufunga mahali pake kidude alichokitoa kwenye simu mbovu, kikawa kinalia mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Tuliiita siku ya nyuki, maana nyumba zote kumi na moja zilivuma. Halafu alitembea na kipimo chake cha mshale, kisanduku cheusi, akipiga hodi kila mlango. Aliingia, akavua viatu asichafue nyasi za sakafuni, akanawa mikono na kuikausha, akagusisha ncha mbili kwenye sanduku la sabuni, akasoma, akaandika. Kwake arobaini. Nyumba ya kwanza thelathini na tisa. Kwangu thelathini na nne. Nyumba ya mwisho ishirini na nane, na hiyo ishirini na nane aliipenda kama mtu anavyompenda kitinda mimba.

Ukimpa kahawa ya kutafuna alipokea punje mbili, si tatu. Ukimwomba akae asikilize kipindi alisema ana kazi. Hapa ndipo watu walipokuwa wanamcheka, na mimi mbele yao. Mtu huyu aliyetuletea redio hakuisikiliza. Nyimbo zikianza alikuwa nje anaangalia milamula. Taarifa ya habari ikisomwa alikuwa ameinamia kipimo. Niliwahi kumuuliza kama anajua gavana mpya anaitwaje, akanijibu kwamba anajua anasikika thelathini na nne kwangu. Kanisani kwetu, Walutheri wote wanaoimba kwa sauti nne, yeye alikuwa na ya tano. Na huyo mpenda namba hakujua umri wake mwenyewe. Ukimuuliza alisema mtafute aliyekuwepo.

Alikuwa mkali. Kanuni yake ilikuwa moja: waya ukikatika usiuguse, niite. Mzee mmoja wa nyumba ya tisa aliwahi kuunga mwenyewe kwa kipande cha msumari, akaambiwa maneno mbele ya wake zake mpaka akakaa wiki mbili bila kutoka. Kila kiungo Mpimaji alikilehemu kwa risasi, akakifunga kwa kitambaa chenye nta, akakivuta kwa nguvu zake zote. "Viungo vyote vya waya huu ni vyangu," alisema. "Kikioza kimoja, nimeoza mimi." Mimi alikuwa akinitania kwamba hata siku moja hatanipa koleo lake, kwa sababu mimi ni shoto na nitamharibia. Upande wetu wote wa mlima nilikuwa shoto peke yangu.

Lakini ukali wake aliuanzia kwake. Alipenda kusimulia jinsi simu ya Muleba ilivyonyamaza na Bwana mmoja mhandisi akaja na mashine mpya ya kutafutia hitilafu. Bwana alisoma mashine akasema tatizo liko kabla ya njia panda ya Kemondo. Mpimaji akasoma kipimo cha mshale cha kazini akasema liko baada. Wakapanda gari, wakashuka, wakakuta waya umegusana na tawi palepale njia panda, kati ya nguzo ya Bwana na nguzo ya Mpimaji. Mtu mwingine angesimulia kwamba alimshinda Mzungu. Mimi mwenyewe nimeisimulia hivyo mjini mara nyingi tu. Yeye aliisimulia hivi: "Tulikosea wote wawili. Bwana alikosea nguzo mbili, mimi nikakosea moja. Moja nayo ni kosa." Bwana alipohama alimwachia kile kipimo cheusi kiwe chake, kwa hiyo nadhani naye alielewa amekutana na mtu wa namna gani.

Sasa nifike kwenye nyumba ya sita.

Ilikuwa ya jirani yangu, mjane Mkatoliki tuliyepakana naye. Tulimwita Mama wa Nyumba ya Sita, naye alilipenda jina hilo kwa kuwa lilimweka kwenye waya. Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta kazi mbali na hakuwa mwandishi wa barua. Alichofanya ni kutuma salamu redioni. Kila Jumapili baada ya misa mama yule alikaa chini ya sanduku la sabuni, mikono mapajani, akingoja majina yasomwe. Ilipita miezi bila kitu, kisha siku moja mtangazaji akasema, "...amsalimu mama yake mpenzi huko Buhembe, Bukoba, yeye ni mzima." Kwa hayo maneno mawili ya mwisho mama yule aliishi tena miezi mitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kujua kwamba ana mtoto.

Mvua za masika zikaanza, na sauti ikafifia. Si kwangu. Kwangu ilikuwa palepale. Kuanzia nyumba ya sita mpaka ya kumi na moja, mtangazaji aligeuka mtu anayenong'ona ndani ya mtungi. Watu wakapiga hesabu yao ya haraka: kabla ya yule mjane kuko sawa, kuanzia kwake kumeharibika, basi mjane anakula sauti. Mara ikasemwa ana spika ya pili, ameificha chumbani, amewaungia ndugu zake Wakatoliki bondeni. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Na sasa niseme nililokuwa nalificha. Wakati wa kiangazi niliangusha mgomba uliokwisha kuzaa, ukaanguka vibaya, ukalalia milamula ya mpaka wangu na mjane, ukaukata waya. Kanuni niliijua. Ningemwita Mpimaji, angekuja, angenisema mpaka mke wangu asikie, na ile habari ya shoto ingerudi. Nikaangaza huku na huku. Nikasokota ncha za waya kwa vidole, nikazizungushia kamba kavu ya mgomba, nikafunga fundo lile la kushikizia mgomba ulioelemewa na mkungu, nikavuta majani ya mlamula kufunika. Sauti ikarudi nyumba zote. Nilijisifu moyoni, na kusema kweli nilijiona fundi.

Kamba ya mgomba ikiwa kavu haina neno. Ikinyeshewa inakunywa maji na kuyashika wiki nzima. Hilo kila mkulima wa kwetu analijua, ndiyo maana tunafungia nayo vitu vinavyotaka unyevu. Nililijua shambani, na kwenye waya sikulikumbuka. Mvua ilipokuja na lawama zikamwangukia mjane, nilielewa kilichotokea, na badala ya kusema nikapaza sauti zaidi. Mwoga akianza kupiga kelele haachi.

Jumapili moja mchana tukakusanyika uani kwa mjane, watu wa nyumba zote. Mzee wa nyumba ya tisa, yule wa msumari, ndiye aliyetoa hukumu kabla ya kesi.

"Sanduku lake liondolewe. Waya upite tu, yeye asipate."

"Mniondolee?" mama yule alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na hakukaa. "Waitu, jamani, ingieni mpekue. Nina sanduku moja. Mkiniondolea hilo, mwanangu nitamsikilizia wapi?"

"Ungefikiria hayo kabla," nilisema mimi. Maneno hayo ni yangu, nayaandika kama nilivyoyasema.

Mpimaji alikuwa amechuchumaa pembeni anakausha mikono. "Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza. Kata," mzee alijibu.

"Mimi bado sijapima."

Kidude cha nyuki kilikuwa tayari kinavuma nyumbani kwake. Alipima kwangu kwanza: thelathini na nne. Akaja kwa mjane, akavua viatu, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: kumi na tisa. Watu wakaguna, mzee wa nyumba ya tisa akanyoosha kidole. Ndipo Mpimaji alipofanya jambo ambalo sijalisahau mpaka leo. Alilifungua sanduku la sabuni ukutani, akazitoa nyaya zake zote mbili, akalibeba mikononi kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa, akalitoa nje na kuliweka juu ya kigoda katikati yetu.

"Sasa Mama huyu hali chochote," alisema. "Hana sanduku moja, hana mawili. Nyumba yake iko wazi, ingieni mwone; nyaya zinazoingia ndani ni hizi mbili tu, nazo nimezichomoa. Njoo wewe usome."

Aligusisha kipimo kwenye ncha za nyaya, akamwita mzee wa nyumba ya tisa. Mzee akainama juu ya kipimo, akasogeza uso.

"Ngapi?"

"Ishirini."

"Ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi Mama alikuwa anakula moja, haki yake, kama wewe na kama mimi. Kumi na nne nyingine zimeliwa kabla hazijafika mlangoni kwake." Akalichukua sanduku, akamrudishia mjane mikononi mwake. "Shika, mae, mama yangu. Nitakurudishia ukutani sasa hivi."

 Mama yule alilikumbatia lile sanduku na kuanza kulia, na wanawake wa nyumba zingine, ambao dakika tano kabla walikuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni, wakaenda kumshika.

Halafu Mpimaji akaanza kuufuata waya kwa mkono, kutoka kwa mjane kurudi kwangu, mlamula baada ya mlamula, akipapasa. Tulimfuata nyuma.  Alifika pale, akafunua majani, akasimama ametupa mgongo.  Niliona kiwiko chake kikisogea, akatoa kisu, akakata kitu, akakitia mfukoni. Alipogeuka alikuwa ameshika ncha mbili za waya, zimeota kutu ya kijani.

"Kiungo kimeoza," alisema. "Viungo vya waya huu ni vyangu vyote. Kosa ni langu. Mama wa Nyumba ya Sita, nisamehe mbele ya watu hawa."

Alilehemu hapohapo. Nyumba ya sita ikasoma thelathini na tatu, na Jumapili ile ile salamu zilisomwa kwa sauti iliyotoka mpaka njiani. Za mwanawe hazikuwemo, lakini mama yule alisikiliza majina ya watoto wa wenzake kwa furaha yote.

Mimi nilirudi kwangu nikiwa nimepona, nikijiambia kwamba alidhani ni kiungo chake cha zamani. Nililiamini hilo kwa sababu nilitaka kuliamini.

Kosa lile halikuishia uani. Watu wa Nshambya walikuwa wamemwomba awavutie waya kama wetu, naye alikuwa amekwisha kukusanya shingo za chupa kikapu kizima. Walipopata habari kwamba viungo vya Mpimaji vinaoza, wakasitasita, wakasema wangoje kwanza, na baadaye hawakusema tena. Mjini vijana walianza kumtania: "Vizuri ngapi, mzee?"  Siku za nyuki aliendelea kupiga hodi, kuvua viatu, kunawa mikono. Kwangu aliingia kama kawaida, akapokea punje zake mbili.

Niliishi na hilo miaka mitano.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa mazungumzo ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru. Alikuwa ameacha kazi ya simu, goti moja limekataa kutembea. Redio ndogo za kubeba mkononi zilikuwa zimeingia madukani Bukoba, nyumba tatu za waya wetu zilikuwa nazo tayari, na masanduku ya spika zao yalikuwa yamerudi kutiwa sabuni. Nilikwenda mchana kumsalimia. Alikuwa amekaa kwenye nyasi za sakafuni, na nyuma yake chini ya kitanda nilikiona kile kikapu. Shingo za chupa za Nshambya zilikuwa bado zimejaa, zimesafishwa, zimepangwa. Nilipoziona, nilichokuwa nimekishika miaka mitano kikanitoka.

"Tata," nilisema, yaani baba, na sikuwahi kumwita hivyo. "Kile kiungo hakikuwa chako."

"Najua."

"Nilikifunga mimi."

Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua daftari lake, akafungua ukurasa. Kati ya karatasi kulikuwa na kipande cha kamba ya mgomba kilichobapa, fundo likiwa bado limefungwa.

"Limezungushwa kinyume," alisema. "Mlima huu wote una shoto mmoja."

"Ulijua tangu siku ile? Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja mbele ya watu, ungefanya nini? Sema kweli."

Nilifikiri. Nilimjua yule mtu niliyekuwa, pamoja na kelele zake. "Ningekasirika. Ningesema waya usipite kwenye kibanja changu."

"Baada ya nyumba ya tano kuna nyumba sita. Ya kwanza ni ya yule mama." Akafunga daftari. "Nilipima hasara mbili pale kwenye mlamula. Ya jina langu ilikuwa ndogo. Siku ile ilikuwa ndogo. Ya Nshambya sikuiona, hiyo nilikosea kupima."

Alisema hayo bila uchungu, kama alivyosimulia habari ya njia panda ya Kemondo. Nilitamani anipige.

"Najuta sana, waitu," nilisema.

Akanitazama. Uso ule ule wa chai yenye chumvi.

"Sana ngapi?"

Sikuwa na namba. Akangoja, kama alivyozoea, mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kisha akasema, "Kutoka mlangoni kwako mpaka kwa Mama wa Nyumba ya Sita ni hatua ngapi?"

"Sijui. Ni hapo tu."

"Nenda ukapime."

Nilikwenda moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikilala nitaghairi. Nilisimama mlangoni kwangu, nikaanza kuhesabu, nikapita kwenye milamula chini ya waya, nikapiga hodi. Mama yule alikuwa amezeeka. Nilimwambia yote, fundo, majani niliyofunikia, na maneno niliyomwambia uani pale pale tulipokuwa tumesimama. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, vile alivyokuwa akisikiliza salamu. 

"Mimi miaka yote nimekuwa nikimwombea yule mzee asamehewe," alisema. "Kumbe nilikuwa nakosea mtu." Akaingia ndani, akarudi na kahawa ya kutafuna. Alinipa punje moja.

Kesho yake nilirudi kwa Mpimaji. Sikumwambia kwamba imekwenda vizuri. Nilisema, "Themanini na tatu."

Alivuta daftari, akalifungua ukurasa ule ule, na mahali alipokuwa ameandika miaka mitano nyuma *kiungo changu kibovu*, akalifuta neno moja la katikati kwa mstari ulionyooka, na chini yake akaandika 83.